Umoja Unaotangulia Machafuko: Chuo Kikuu na Lugha katika Historia ya Kasese

Nchi inapoingia katika machafuko, vyuo vikuu hutoa matamko ya umoja na ujumuishi. Historia ya Kasese, magharibi mwa Uganda, inaonyesha kwamba matamko hayo hupimwa kwa yale yaliyotendwa miaka mingi kabla, hasa kwa swali la lugha ya nani iliyopewa nafasi darasani.

Chini ya Ufalme wa Tooro, Rutooro ilikuwa lugha ya shule na utawala hata miongoni mwa Bakonzo na Baamba, waliolalamikia ubaguzi katika elimu na ajira. Mwaka 1954 mwalimu Isaya Mukirania alianzisha chama cha kutafiti historia ya maisha ya Bakonzo, na utafiti ule ukazaa siasa. Mwaka 1962 wajumbe wa jamii hizo mbili walijitoa katika Rukurato, baraza la Tooro, na uasi wa Rwenzururu ukaendelea hadi 1982. Serikali iliutambua Ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009. Hata hivyo, Novemba 2016 vikosi vya usalama vilishambulia kasri ya Mfalme Charles Wesley Mumbere mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Katika historia hiyo chuo kikuu nacho kina sehemu yake. Katika miaka ya 1990 Makerere ilianza kufundisha Runyakitara, inayounganisha Runyoro, Rutooro, Runyankore na Rukiga. Kiisimu uamuzi huo una mashiko, kwa kuwa lugha hizo zinakaribiana sana. Lukonzo, ambayo ndugu yake wa karibu ni Kinande cha ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ilibaki nje. Hivyo hoja sahihi ya kitaaluma iliweza kurudia mpaka uleule uliochorwa na siasa. Mzigo huo unakihusu pia Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kilichoanzishwa mwaka 2005 mjini Fort Portal, mji mkuu wa Tooro.

Wapo watakaopendekeza Kiswahili kiwe suluhisho. Kweli, ni lugha ya biashara mpakani, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Lakini nchini Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi pia, tangu enzi za King's African Rifles. Kwa aliyeisikia amri ya askari kabla ya salamu ya mwalimu, lugha hiyo haitakuwa ya umoja kwa tangazo tu.

Kwa hiyo sera ya lugha ya vyuo vikuu ianze na Lukonzo: ifundishwe, itafitiwe na iandaliwe walimu. Kiswahili kiwekwe kando yake, si mahali pake. Mwanafunzi wa Bwera au Kabatoro aliyeikuta lugha yake chuoni wakati wa amani atakuwa na sababu ya kuliamini tamko la umoja siku ya machafuko.