Siku saba za Rafiki

Januari 2014, bodi ya filamu ya Kenya ilipopiga marufuku The Wolf of Wall Street, nilikuwa nauza DVD katikati ya Nairobi. Tangazo gani lingenifaa zaidi? Watu ambao hata jina la filamu hawakulijua walikuja wakinong'ona: "Bosi, ile iliyokatazwa iko?" Ilikuwepo. Shilingi 50, bei ya zote.

Sheria iliyotumika ilitungwa 1962, mkoloni akifunga virago. Kabla yake filamu zilipimwa hata kwa rangi ya mtazamaji: picha aliyoruhusiwa Mzungu, Mwafrika aliweza kunyimwa, ati ingemharibu. Ubaguzi wa rangi uliondoka. Yaya wa watu wazima akabaki. Mwenye miaka 18 anapiga kura, anaoa, anafungwa jela, lakini kwenye sinema anachaguliwa cha kutazama.

Aprili 2018 ikaja zamu ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Kahiu akakataa, filamu ikafungiwa nyumbani huku tamasha la filamu la Cannes likiipokea, ya kwanza kutoka Kenya kuonyeshwa huko.

Tarehe 21 Septemba, Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku saba, ionyeshwe kwa watu wazima wanaotaka. Wanaotaka! Foleni zikajipanga, tiketi zikaisha. Siku saba zilipokwisha kufuli likarudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaiunga mkono bodi.