Baraka za Mezani kwa Wayahudi: Mkate, Ndizi na Lugha ya Mlaji

Kwa sheria ya Kiyahudi, alaye mkate na alaye ndizi hawasemi baraka moja. Mkate wa ngano, wa shayiri au wa nafaka nyingine tatu zilizotajwa una baraka yake. Tunda la mti lina yake, mazao ya ardhi yana yake, na maji, nyama na samaki huingia katika baraka ya jumla. Msingi wa mgawanyo huu umo katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200.

Msomaji wa Kivu ataitazama ndizi kwa makini. Mgomba, ujapokuwa mrefu kupita mbuni, wanazuoni hawauhesabu kuwa mti, kwani shina lake hufa baada ya kuzaa mkungu mmoja. Basi ndizi hupewa baraka ya mazao ya ardhi. Mkulima wa Masisi, aukataye mgomba kila avunapo, hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Bugali wetu wa mahindi, ole wake, haupati baraka ya mkate, hata ukishibisha kuupita.

Baraka za kabla ya kula ziliwekwa na wanazuoni; shukrani ya baada ya mkate yatokana na Torati yenyewe (Kumbukumbu la Torati 8:10). Torati yataja kushiba, lakini wanazuoni walishusha kipimo hadi ukubwa wa zeituni. Penye njaa, kipimo hicho si jambo dogo: aliyepata tonge moja la mkate naye ana la kushukuru.

Mishna yaruhusu tena shukrani hiyo isemwe kwa lugha yoyote. Ruhusa hii yawagusa jirani zetu Abayudaya wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari Mganda, alitahiriwa mwaka 1919 akaongoza wafuasi wake katika Torati waliyoisoma kwa Kiganda. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa lugha hiyohiyo. Kiebrania kilifuata, kwa msaada wa Wayahudi wageni. Chini ya Idi Amin (1971–1979) ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi wakaiacha dini. Baraka za chakula, kwa bahati, hazidai sinagogi wala rabi. Rabi wao mzalendo, Gershom Sizomu, aliwekwa wakfu mwaka 2008, huko Marekani.

Wapo wadhanio kwamba sala isiyo ya Kiebrania ni sala pungufu. Kwa shukrani ya chakula, Mishna haiwaungi mkono: mradi chakula, nchi, Yerusalemu na wema wa Mungu vimetajwa, Kiganda chatosha.