Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Barua zote thelathini na nane zilianza kwa maneno hayo. Nilikuwa Shighatini kwa mazoezi ya kufundisha, kabla sijaanza shahada ya uzamili ya historia, na niliwataka wanafunzi wa Kidato cha Pili wamwandikie mtendaji wa kijiji kumshawishi juu ya jambo lolote. Wengi waliomba maji. Zote ziliishia na "natumaini ombi langu litakubaliwa". Hakuna hata moja iliyoeleza kwa nini likubaliwe.

Kesho yake niliweka kando kitabu cha kiada, nikawasimulia habari za mbiru, ambazo Isaria Kimambo aliziandikia kitabu.

Zamani mbiru ilikuwa ushuru ambao Wapare waliwapelekea watawala wao. Katika miaka ya 1940, machifu wa Upare na serikali ya Mwingereza walilichukua jina hilo wakalipachika kwenye kodi mpya: kila mtu apimwe mali yake, mwenye zaidi alipe zaidi. Kwa masikio ya leo inasikika kama haki. Lakini watu waliuliza: nani atapima, na kwa kipimo gani? Januari 1945 maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kwa miezi.

"Walikataa kodi?" nikauliza.

"Ndiyo!" darasa likajibu.

Hapana. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote, hata kikipandishwa. Walichokataa ni kupimwa. Mtawala akakosa pa kusema kwamba hawa ni wakwepa kodi tu.

Mwaka 1946 wakaandamana wanawake wa Usangi, si mbali na hapa. Hapo nilisita, nikasema tu kwamba walitaka waume zao warudi nyumbani. Msichana wa dawati la nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, bibi alinihadithia. Walimwambia mzungu amalize shauri, la sivyo awape mimba wao wote."

Darasa likaangua kicheko. Kilipotulia, nikauliza nguvu ya hoja ile iko wapi.

"Shida ilikuwa yao," akasema mvulana mmoja, "wakaigeuza ikawa yake."

Hatimaye mbiru ikafutwa. Niliwaambia ukweli pia: hoja peke yake haikutosha. Kulikuwa na miguu iliyotembea, na mashamba yaliyokosa mikono.

Tukaandika upya. Barua ya yule msichana ilikiri kwanza kwamba fedha ni chache, ikaahidi kwamba wanafunzi watachimba mtaro Jumamosi mbili, ikaomba mabomba tu. Ikahesabu na saa za masomo zinazopotelea kisimani. Nikampa alama nilizowahi kumpa wachache.

Aliipokea, akazitazama zile alama, kisha akanirudishia karatasi.

"Sasa, Mwalimu, unaipeleka lini?"

Sikuwa nimefikiria kuipeleka. Kwangu lilikuwa zoezi. Jioni ile tuliongozana hadi ofisi ya mtendaji. Nakala yenye muhuri wa "imepokelewa" alibaki nayo yeye.