Gari Linalolala Muda Mrefu Moshi: Mambo 7 ya Kuzuia Betri Isife

Desemba ikifika, barabara za kupanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo hujaa magari ya watu waliokuja kula Krismasi nyumbani. Januari wengi hurudi Dar es Salaam na kwingineko, lakini baadhi ya magari hubaki uani kwa wazee mpaka Pasaka, au hata mpaka Desemba nyingine. Mjini Moshi nako, masika ya Machi hadi Mei hupunguza wageni, na Land Cruiser za utalii hupaki wiki kadhaa bila safari.

Shida huja siku gari linapohitajika ghafla. Mgonjwa amezidiwa usiku, inabidi afikishwe KCMC, ufunguo unazungushwa na stata inalia "tik tik", kisha kimya.

Baridi inasingiziwa

Wengi hulaumu baridi ya Juni hadi Agosti. Ni kweli inachangia. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 za kupanda, hivyo asubuhi ya Marangu si sawa na ya Moshi mjini. Kwenye baridi betri hutoa nguvu kidogo, oili ya injini inakuwa nzito, na gari la dizeli hutumia umeme mwingi kupasha moto plagi kabla ya kuwaka.

Lakini betri iliyojaa huvumilia baridi hiyo bila tatizo. Inayogoma ni ile iliyokwisha kupungua chaji kwa kukaa. Katika nchi kama Canada, betri tupu inaweza kuganda na kupasuka wakati wa majira ya baridi. Vijijini Kilimanjaro hatari hiyo haipo. Kinachoua betri huku ni kulala bila chaji.

Betri ya kawaida ya gari ina sahani za risasi ndani ya tindikali. Ikikaa bila chaji, sahani hufunikwa na chembe ngumu nyeupe. Zikishakomaa, hata chaja haiziondoi, na betri haitajaa tena kama zamani.

Nani anakula chaji gari likiwa limezimwa?

Alamu, saa, redio na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti huendelea kunyonya umeme. Vikitumia jumla ya milliampea 50 tu, kwa siku ni ampea-saa 1.2. Kwa mwezi ni 36. Betri ya ampea-saa 70 inakuwa imebaki nusu, na bado haijahesabiwa chaji inayopotea yenyewe. Gari la utalii lenye friji na soketi za kuchajia simu za wageni linaweza kuisha mapema zaidi kama swichi zake hazikuzimwa.

1. Ipimwe kabla ya kulazwa

Mita ya kupimia umeme ya bei ndogo inatosha. Betri ipimwe ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya injini kuzimwa:

- Volti 12.6 na kuendelea: imejaa
- Volti 12.4: robo tatu
- Volti 12.2: nusu, ichajiwe
- Volti 12.0 kushuka: iko hatarini, isiachwe hivyo

Betri ikilazwa nusu, haitamaliza masika salama.

2. Waya wa hasi ufunguliwe

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote na haina gharama. Waya wa hasi (–) hufunguliwa kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya (+) inatoa cheche kali. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia. Mwenye gari akumbuke kwamba alamu na kifaa cha kufuatilia gari vitazimika, na redio nyingine hudai namba ya siri umeme ukirudi.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, visafishwe kwa magadi ya jikoni yaliyoyeyushwa kwenye maji, vikaushwe, kisha vipakwe grisi.

3. Kuwasha dakika tano hakusaidii

Kijana wa nyumbani huambiwa aliwashe gari kila Jumamosi, aliache lingurume kidogo, kisha azime. Stata inakula umeme mwingi, na injini ikiwa sailensa haiurudishi wote kwa dakika tano. Ni afadhali gari lipelekwe safari ya nusu saa au zaidi kila baada ya wiki mbili, kwa mfano kushuka sokoni Moshi na kurudi. Kama hakuna dereva, bora waya ufunguliwe na gari liachwe.

4. Chaja ya kujizima

Penye umeme wa TANESCO, chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa inaweza kuachwa imeunganishwa. Hushikilia betri kwenye volti 13.5 hivi. Chaja ya kawaida isiyojizima haifai kuachwa siku nyingi, kwani huchemsha maji ya betri mpaka yaishe.

Kwa anayepeleka betri kwa fundi, chaji ya polepole ndiyo salama: betri ya ampea-saa 70 ichajiwe kwa ampea 7 hivi, si kwa haraka haraka. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Kwa hiyo isichajiwe jikoni karibu na moto, wala mtu asivute sigara pembeni yake.

5. Sola, lakini si chini ya migomba

Paneli ndogo ya wati 10 hadi 20 yenye kidhibiti chaji inatosha kuziba kinachopotea kila siku. Tatizo la mlimani ni kivuli. Magari mengi hupaki kwenye kihamba, chini ya migomba na miti mikubwa, na msimu wa mawingu hupunguza jua zaidi. Paneli iwekwe juu ya paa la nyumba na waya ushushwe kwenye gari.

6. Maji ya betri, si ya mfongo

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, maji yafunike sahani. Huongezwa maji yaliyosafishwa kwa kuvukizwa tu. Maji ya bomba au ya mfongo, hata yakiwa meupe kiasi gani, yana madini yanayoharibu sahani. Tindikali nayo isiongezwe, kwa kuwa kinachopungua kwa kawaida ni maji.

Wapo wanaoamini kuwa kuweka betri juu ya sakafu ya sementi kunamaliza chaji. Kwa betri za sasa zenye boksi la plastiki, si kweli.

7. Likigoma: kubusti kwa mpangilio

Waya wa kwanza huunganisha chanya kwa chanya. Wa pili hutoka hasi ya gari zima kwenda kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Malori mengi kama Fuso hutumia volti 24, hivyo yasitumike kubusti gari la volti 12. Kulisukuma husaidia gari la gia za kawaida tu, si la otomatiki.

Gari likishawaka, betri bado ni tupu. Mwendo mfupi hauijazi, inahitaji chaja.

Dalili kwamba imekufa kweli

Betri iliyochajiwa usiku mzima, ikaachwa ipumzike, kisha ikashuka chini ya volti 12.4 kesho yake bila kutumika, inaelekea mwisho. Ikivimba, ibadilishwe mara moja. Ya zamani isitupwe shambani wala karibu na mfongo, kwa sababu risasi ni sumu na watu wa chini wanatumia maji hayohayo. Wanunuzi wa betri chakavu wapo, na huilipia.