Mbogi ya Wasee Saba: Vile Unapanga Mahiro wa Guild Wars Ukiwa Migori, Homa Bay ama Popote Net Inasumbua

Kama ushawahi tolewa kwa mbogi ya online juu ya net, kaa hapa kiasi.

Mimi nilitolewa usiku moja nikiwa Migori. Nilikuwa nimetoka chuo, fees ilikataa, nikarudi kwa mathe na laptop ya mkono wa pili. Nikajiunga na wasee saba nisiowajua, misheni ikaanza fiti, alafu katikati ya vita net ikashikwa. Character wangu akasimama tuli kama kanga amemulikwa na taa za matatu. Kurudi, tumededi wote. Msee mmoja akaandika maneno mawili siwezi weka hapa, nikajipata nje. Hakuna aliyeuliza niko wapi ama stima ikoje.

Tangu siku hiyo nimemaliza karibu kila kitu kwa hiyo gemu na mbogi ya wasee wanaoendeshwa na kompyuta. Hii ni rada yote niliyookota, uitumie.

Gemu yenyewe

Guild Wars ilitoka Aprili 2005, imetengenezwa na ArenaNet ya Marekani. Unanunua mara moja, hakuna kulipa kila mwezi, na hiyo pekee inatosha kuipenda ukiwa umesota. Boksi ya 2005 iliomba RAM ya MB 256 tu, kwa hivyo lapi yako iliyochoka itaibeba. Kuna kampeni tatu: Prophecies (2005), Factions na Nightfall (zote 2006), alafu nyongeza ya Eye of the North ya Agosti 2007.

Ukinisikiza, anza na Nightfall. Inachezewa Elona, bara lililochorwa kwa sura ya Afrika, iko na savana, iko na jangwa, na wahusika wakuu wenye ngozi kama yetu. Kwa gemu ya 2006 hiyo haikuwa kitu ya kawaida. Pia Nightfall ndiyo iliyoleta mahiro.

Tofautisha vitu viwili hapa. Henchmen walikuwa tangu mwanzo: unawapata mjini bure, lakini wanakuja na skili zao na huwezi badilisha kitu. Heroes, hawa ndio naita mahiro, ni wako. Unawachagulia skili, silaha, hadi zile rune za kuongeza nguvu kwa nguo. Mwanzoni uliruhusiwa watatu pekee. Machi 2011 sheria ikabadilika, ukaruhusiwa saba. Mbogi kamili ni watu wanane, so wewe na saba wako mnatosha. Hauombi mtu.

Kwa nini kompyuta inakushinda, na kwa nini hiyo ni poa

Hapa ndio watu wengi hawaelewi, so wacha tuende pole pole.

Seva za hii gemu haziko Afrika. Ukibonyeza kitu ukiwa Oyugis ama Awendo, hiyo amri inasafiri hadi Mombasa, inaingia kebo za chini ya bahari, zile zilianza kutua huko 2009, inavuka maji hadi seva, alafu jibu linarudi njia hiyo hiyo. Tuseme ping yako ni 300, yaani milisekunde 300 kwenda na kurudi. Adui anaanza kuroga kitu cha robo tatu ya sekunde. Picha inakufikia imechelewa, jicho na kidole chako vinachukua robo sekunde nyingine, alafu amri yako bado iko njiani. Ikifika, muda uliobaki ni mdogo sana, na moto uko karibu kukuchoma. Na hiyo ni siku net iko sawa.

Hiro hayuko kwa laptop yako. Akili yake inaendeshwa kule kule kwa seva. Anaona adui akianza kuroga papo hapo, na anamkatiza papo hapo. Net yako ikishikwa sekunde kumi, yeye anaendelea kuchapa, anaendelea kutibu, hata wewe ukiwa umesimama kama kanga. Ukitupwa nje kabisa, gemu inakupa dakika chache za kurudi pale pale ulipokuwa.

So kazi yote inayohitaji haraka, mpe hiro. Wewe baki na kazi ya kichwa: njia gani mnafuata, kundi gani la adui mnaanza nalo, lini mnarudi nyuma. Niliposhika hiyo point moja, nikaacha kudedi kila dakika tano.

Wanachoweza na wanachoboa

Mahiro wanajua sana kukatiza, kutibu, na kuondoa laana. Kile wanaboa ni kusimama mahali poa. Watajikusanya pamoja kama abiria wa Rongo wakingojea gari, alafu moto mmoja unawapata wote. Hiro wa upanga anaweza kimbiza adui mmoja hadi aamshe kundi lingine mlilokuwa mnalikwepa. Assassin ndio mbaya zaidi: anaruka katikati ya maadui, anadedi, mnamfufua, anaruka tena. Mimi Zenmai nilimwacha mjini.

Kwa hivyo mbogi nzuri ya kompyuta haifanani na ya watu. Watu wanaanza na mababa wa mbele, wale wa ngao. Na mahiro, jaza wale wanaosimama nyuma na kuroga.

Fikiria Luanda Magere. Mwili jiwe, mkuki haumwingii, jeshi zima linamkimbia. Lakini alikuwa peke yake, na adui walipojua siri ya kivuli chake, hakukuwa na mtu wa kumtibu wala wa kumkatiza aliyemchoma. Huyo ni Warrior bila mbogi. Sasa fikiria Gor Mahia wa Kanyamwa, kule Ndhiwa, yule mganga timu ya mpira iliitwa kwa jina lake. Stori zake si za misuli, ni za kuchanganya adui akili hadi ashindwe anapigana na nani. Kwa Guild Wars huyo ni Mesmer, na Mesmer ndiye mfalme wa mbogi ya mahiro.

Saba wenyewe

Mesmer, angalau wawili, watatu ukiweza. Mmoja mpe skili inaitwa Panic: adui mmoja akimaliza kutumia skili, wenzake waliokaribu naye wanakatizwa zao. Kundi likiwa kubwa linajifunga lenyewe, raha tupu. Mwingine mpe Energy Surge, inayonyonya enaji ya adui na kuigeuza kuwa maumivu kwake na kwa waliokaribu. Kama kuna watatu, huyo wa mwisho mpe Ineptitude kwa ajili ya wale wa upanga na mishale, maana inawatia upofu wakijaribu kupiga. Norgu unampata ukifika Vabbi ndani ya Nightfall. Gwen yuko Eye of the North, na huyu ana stori: kwa Prophecies alikuwa katoto kadogo kanakufuata Ascalon, filimbi yake imevunjika. Unamkuta tena akiwa mkubwa, mkali, amepitia mambo. Mimi huwa simtoi.

Necromancer, wawili. Hawa wanapata enaji kila kitu kikidedi karibu nao, na kwa vita vitu vinadedi mob. Ndio maana Necromancer aliyekopa skili za kutibu za Ritualist huwa hakauki, wakati Monk anaishiwa mapema. Wa pili mfanye wa kuinua maiti. Zile maiti zinatembea mbele, zinapigwa badala yenu, zinaoza zenyewe polepole. Hao ndio ukuta wako, na hakuna anayezilipia matanga. Master of Whispers, Olias na Livia wote wanaweza hiyo kazi.

Ritualist mmoja, kama uko naye. Skili ni Soul Twisting, pamoja na roho mbili, Shelter na Union, zinazopunguza kila pigo mnalopata. Xandra wa Eye of the North ndiye rahisi kupata.

Nafasi iliyobaki ni yako. Monk kama Dunkoro ama Tahlkora, hao unawapata mapema Istan. Hata Koss, hiro wa kwanza kabisa wa Nightfall, ukimpenda tu kama mtu. Si lazima kila nafasi iwe hesabu.

Ukianza hautakuwa na hawa wote, usijali. Jaza mapengo na Henchmen. Na kumbuka skili ukishaifungua kwa akaunti yako, kila hiro wa taaluma hiyo anaweza itumia. So usinunue skili kiholela kwa sababu jina ni tamu, nunua zile saba wako watatumia.

Kuwaendesha

Kila hiro ana skili nane, na kati ya hizo elite ni moja pekee. Usimjazie vitu vya hali ngumu ngumu. Kompyuta inatumia skili ikiwa tayari, haiwazi kama wewe. Ukiona anachoma enaji na skili fulani ovyo, shika Shift ubonyeze hiyo skili kwa paneli yake, inazimwa. Wewe ndio utaiita ukiitaka.

Kuna hali tatu: Fight, Guard na Avoid Combat. Wengi wako wakae Guard. Fight inawafanya wakimbize vitu.

Alafu bendera. Maze, bendera ndio watu wanapuuza na ndiyo inaokoa maisha. Unaweza simika bendera moja ya wote, ama kila hiro yake. Kabla ya vita simika nyuma, wewe nenda mbele, mguse adui, rudi nao hadi kwa mbogi yako. Ukiona moto unaanguka, hamisha bendera. Hiyo haihitaji net ya haraka, inahitaji uwe umepanga kabla.

Weka skili ya kufufua kwa angalau wawili. Kila ukidedi unakatwa asilimia 15 ya damu na enaji, hadi 60. Mbogi yenye 60 hata mbuzi wa Kehancha atawachapa.

Mambo ya bando

Gemu ina tabia ya kudownload ramani unapotembea, na hapo ndio bando inayeyuka bila kujua. Suluhu: ongeza neno -image kwa shotikati ya gemu, itavuta kila kitu mara moja. Fanya hiyo mahali kuna waifai ya bure ama cyber ya usiku. Baada ya hapo kucheza kwenyewe hakuli mob.

Na faili lote linakaa mahali pamoja, linaitwa Gw.dat. Unaweza kulibeba kwa flashi. Angalia tu flashi yako isiwe ya FAT32, kwa sababu hiyo inakataa faili moja ikizidi GB 4. Mimi nilibeba langu kwa matatu kutoka Migori, nikabadilisha gari Rongo, hadi Homa Bay kwa beshte yangu, kwa sababu nauli ilikuwa rahisi kuliko bando yake. Tukakaa kwa keja yake karibu na pier, akaliweka, jioni hiyo hiyo tukaingia Kamadan.

Ukiwa na beshte, hesabu ni tamu zaidi: nyinyi wawili, kila mtu na mahiro watatu, mko wanane. Yeye alishika Mesmer wote, mimi nikashika watibu. Skili zinatumwa kama kodi fupi ya herufi, unakopi unapaste, so tulikuwa tunabadilishana mbogi kwa WhatsApp kama namba za simu. Nikikosea ananiandikia, "Omera, hao Necro wako wamelala ama?"

Alienda Qatar kikazi mwaka uliofuata. Shift yake na usiku wangu hazikutani, na huko analala chumba kimoja na wasee wengi, laptop haipo kila siku. Kodi zake bado nazo kwa simu. Mesmer watatu ninaotumia hadi leo ni wale alipanga yeye, na sijabadilisha hata skili moja, ingawa kuna moja najua si poa.

Akiwa off huingia. Ijumaa ingine nitaona jina lake likiwaka kijani kwa listi, saa zingine bila kuniambia. Hapo natoa Mesmer watatu, natoa Dunkoro, nabaki na Necromancer wawili na Xandra, alafu namtumia invite. Yeye huja na watatu wake.