Kanieneo, Mtiririko na Ufanisi: Funzo la Maji ya Moto Majumbani

Neno presha limeenea sana katika usemi wetu: presha ya damu, presha ya gurudumu, presha ya maji. Katika mazungumzo halina kasoro. Bali likitumiwa ovyo katika tafsiri ya maelezo ya ufundi, laweza kumtia mwenye nyumba hasarani. Historia ya maji ya moto yatuonyesha sababu.

Mwaka 1868, mjini London, Benjamin Waddy Maughan alipewa hataza ya mtambo wa kupasha maji ya kuogea kwa gesi. Baadaye nyumba nyingi za Uingereza zilijengwa zikiwa na tangi la maji baridi darini, nalo ndilo lililoyasukuma maji ya moto kwa kimo chake tu. Kila meta 1 ya kimo huleta kanieneo ya kilopaskali 9.8 hivi, tangi lililo meta 3 juu ya bomba la mvua halizidishi 30. Atakaye zaidi hana budi kuliinua tangi au kutia pampu.

Lakini kanieneo siyo mtiririko, yaani kiasi cha maji kipitacho kwa dakika. Katika miaka ya 1840, Jean Poiseuille, tabibu wa Ufaransa aliyetaka kuelewa mwendo wa damu, alichapisha uchunguzi wake juu ya vijibomba vyembamba. Kanieneo ikiwa ile ile, kijibomba chenye nusu ya upana hupitisha sehemu 1 tu katika 16. Katika mabomba ya nyumbani hesabu hubadilika, kwa kuwa maji yake huvurugika, funzo halibadiliki.

Katika nyumba kuukuu mabomba ya chuma huota kutu ndani, na chokaa huganda hasa pale maji yapashwapo moto. Ndiyo maana aghalabu maji baridi hutoka kwa nguvu, ilhali ya moto hudondoka. Hapo dawa si pampu, bali kuondoa chokaa au kubadili mabomba.

Ufanisi nao ni jambo la tatu: ni sehemu ya nishati iliyolipiwa ambayo humfikia mwogaji. Kulifunika tangi la maji ya moto kwa kizuia-joto huongeza ufanisi; hakuongezi kanieneo hata chembe.

Kwa hiyo yafaa mfasiri ayatenge maneno haya matatu. Fundi aliyesoma “presha” mahali pa “mtiririko” atauza pampu, na kutu itabaki palepale.