Tarehe 30 Desemba katika Historia ya Muziki: Hukwe Zawose na Pwani ya Bagamoyo

Kalenda za muziki duniani huiadhimisha tarehe 30 Desemba kwa kuzaliwa kwa Bo Diddley mwaka 1928 na Patti Smith mwaka 1946. Kwa Wilaya ya Bagamoyo, kuanzia Mapinga hadi mjini, siku hiyo ni ya msiba: mwaka 2003 alifariki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpigaji zeze na ilimba, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Kuzaliwa kwake hutajwa kwa mwaka tu, 1938. Hivyo, kalenda inayotegemea kumbukumbu za maandishi humtambua msanii wa aina hii anapofariki, ilhali malezi yake ya kimuziki hubaki nje ya hesabu.

Aidha, tarehe ya kifo haionyeshi urithishaji. Mwaka 2024 Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu ya *Maisha* wakiwa Zawose Queens. Sauti za wanawake, zilizokuwa za kuitikia, sasa zinaongoza. Kwa msingi huo, maadhimisho ya 30 Desemba yanapaswa kupima kilichoendelea, si kilichokoma pekee.